Bai, Begum, Ammi: Majina Matatu na Usimulizi wa Maisha ya Begum Akhtar

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maisha ya Begum Akhtar (1914–1974), mwimbaji wa ghazali na mwigizaji wa filamu za mwanzo za sauti nchini India, yalivyozoeleka kusimuliwa. Usimulizi huo huyagawa maisha yake katika nusu mbili: kabla ya ndoa ya mwaka 1945, alipojulikana kama Akhtaribai Faizabadi, na baada ya ndoa hiyo, alipoitwa Begum Akhtar. Makala yanadai kwamba mpasuko huo ni wa majina zaidi kuliko wa sanaa, na kwamba jina la tatu, Ammi, aliloitwa na wanafunzi wake, linaufichua mwendelezo ambao majina mawili ya kwanza yanauficha. Ushahidi unatolewa katika filamu alizoigiza, sarufi ya ghazali alizoziimba na utaratibu wa kurithishana sanaa. Mwishoni makala yanalinganisha usimulizi huo na Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, kwa nia ya kuuliza wasifu wa Kiswahili unamdai nini mwandishi anayeyaandika maisha ya mwanamke msanii.

1.0 Utangulizi

Mwanamke aliyezikwa Lucknow mwaka 1974 hakuwa ameianza sanaa yake kwa jina lililoandikwa kaburini. Alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1914 katika eneo la Faizabad, kaskazini mwa India. Mama yake, Mushtari Bai, alikuwa mwimbaji. Baba yake, mwanasheria Asghar Husain, hakuendelea kuishi nao. Binti huyo alifunzwa muziki na walimu kadhaa, akiwamo Ata Mohammad Khan wa mkondo wa Patiala, na akiwa bado kijana alikwisha kusikika kwenye santuri za kampuni ya Megaphone ya Calcutta kwa jina la Akhtaribai Faizabadi. Mwaka 1945 aliolewa na wakili Ishtiaq Ahmed Abbasi wa Lucknow, akaacha kuimba hadharani. Mwaka 1949 alirudi kwenye maikrofoni ya redio, na tangu hapo akajulikana kama Begum Akhtar. Alitunukiwa nishani ya Padma Shri mwaka 1968 na tuzo ya Sangeet Natak Akademi mwaka 1972. Alifariki Ahmedabad tarehe 30 Oktoba 1974, na mwaka uliofuata akatunukiwa Padma Bhushan.

Mfululizo huu wa matukio haubishaniwi. Kinachostahili kuhakikiwa ni umbo ambalo mfululizo huo hupewa unapogeuzwa kuwa hadithi. Katika maelezo mengi juu yake, ndoa ya mwaka 1945 husimama kama mlango: nyuma yake kuna giza la nyumba za tawaifu, yaani wanawake waliofunzwa muziki, ngoma na ushairi na kuishi kwa sanaa hizo, mbele yake kuna nuru ya heshima. Msomaji huongozwa kufurahi kwamba msanii huyo ameokoka. Lakini ameokoka nini, ikiwa ghazali alizozisomea upande mmoja wa mlango ndizo zilizomletea nishani upande wa pili? Regula Qureshi, katika makala yake ya mwaka 2001, amekwisha kuonyesha jinsi mfumo dume ulivyoyaunda maisha na muziki wa mwimbaji huyu. Makala haya yanaanzia hapo, ila yanaelekeza jicho kwenye jambo ambalo mwanaisimu hawezi kulipita: majina yenyewe, na kazi yanayoifanya ndani ya usimulizi.

2.0 Bai: Jina la Kazi

Neno bai katika lugha kadhaa za India ni neno la heshima kwa mwanamke. Malkia aliyepigana na Waingereza mwaka 1857–58, Lakshmibai wa Jhansi, alilibeba bila aibu yoyote. Hata hivyo, katika miji ya kaskazini neno hilo lilipoambatanishwa na jina la mwimbaji, lilikuja kuashiria taaluma. Kuitwa Akhtaribai Faizabadi kulikuwa ni kutambulishwa kwa mambo matatu kwa pamoja: mtu, kazi na mji. Jina hilo halikumtaja baba wala mume. Lilifanya kazi ya bango juu ya mlango wa fundi.

Ufundi huo ulikuwa na uzito wa kiuchumi. Veena Talwar Oldenburg (1990), aliyezichunguza daftari za kodi za Lucknow za miaka ya 1858 hadi 1877, aliwakuta tawaifu katika kundi la walipa kodi wa kiwango cha juu kabisa mjini, wakimiliki nyumba na bustani kwa majina yao wenyewe. Dola ya kikoloni iliwatoza kodi, na kuanzia miaka ya 1890 wanamageuzi wa kijamii, Wahindi kwa Wazungu, wakaendesha kampeni ya kuwataka watu wenye hadhi wasihudhurie ngoma zao. Hukumu iliyotolewa dhidi yao inafanana na mantiki ya methali ya Waswahili isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwanamke anayeipeleka sauti yake sokoni alihesabiwa kuwa amejitembeza, bila kujali alichokuwa akikiimba wala miaka aliyoitumia kukisomea.

Mlango wa nyumba ya tawaifu ulipoanza kufungwa, teknolojia ilifungua mwingine. Mwaka 1902 Gauhar Jaan alirekodiwa Calcutta, na mwishoni mwa santuri zake husikika akilitaja jina lake mwenyewe. Utaratibu huo ulikuwa na sababu ya kiufundi: santuri zilichapwa Hannover, Ujerumani, na mafundi wa huko walihitaji kumtambua mwimbaji. Hata hivyo matokeo yake yalizidi mahitaji ya kiwanda. Mwanamke ambaye jamii ilianza kuona haya kumtaja alijitaja mwenyewe, na jina lake likasafiri hadi katika nyumba ambazo yeye asingekaribishwa.

Filamu nayo ilimhitaji mwimbaji wa aina hiyo kwa sababu za wazi. Filamu ya kwanza ya sauti ya India, Alam Ara, ilionyeshwa Bombay mwezi Machi 1931. Kwa miaka michache iliyofuata, sauti ya mtu na sura yake zilinaswa pamoja. Mwigizaji ambaye hakuweza kuimba hakufaa kwa dhima kubwa. Familia zenye hadhi zilikuwa haziwaruhusu mabinti zao kusimama mbele ya kamera. Waliokuwa tayari kwa sauti, kwa lafudhi ya Kiurdu na kwa ujasiri wa jukwaa walikuwa mabinti wa nyumba za muziki. Akhtaribai aliigiza Calcutta katika Ek Din Ka Badshah na Nala Damayanti mwaka 1933, kisha Ameena na Mumtaz Begum mwaka 1934, na Jawani Ka Nasha mwaka 1935. Mwaka huohuo studio za Calcutta zilianza kutumia utaratibu wa kurekodi wimbo kando na kumwekea mwigizaji midomoni. Tangu hapo sauti iliweza kutenganishwa na mwili, na hitaji la mwimbaji anayeigiza likaanza kupungua.

Dhima yake kubwa ya mwisho katika kipindi hicho ilikuwa katika Roti ya mwaka 1942, filamu ya Mehboob Khan inayoshambulia uchu wa mali, yenye muziki wa Anil Biswas. Baadhi ya nyimbo alizoziimba kwa ajili ya filamu hiyo ziliondolewa kutokana na mgogoro wa haki kati ya watengenezaji wa filamu na Megaphone, lakini zilibaki kwenye santuri. Tukio hilo linaonyesha kwamba sauti ya Akhtaribai ilikuwa mali yenye thamani kiasi cha kugombewa na makampuni mawili. Miaka mitatu baadaye, sauti hiyohiyo ilitakiwa inyamaze.

3.0 Begum: Jina la Ndoa

Begum ni neno lenye asili ya Kituruki, umbo la kike la cheo cha ubwana. Katika jamii ya Waislamu wa kaskazini mwa India humtaja mwanamke wa nyumba yenye heshima. Tofauti kati ya Akhtaribai na Begum Akhtar kisarufi ni ndogo: kiambatishi cha nyuma kimeondolewa, cheo kimetangulizwa mbele. Kisemantiki tofauti ni kubwa. Jina la kwanza lilimweleza mwanamke kwa kazi yake na mji wake. La pili linamweleza kwa hadhi inayotokana na ndoa. Mji umepotea, na kazi imepotea.

Usimulizi uliozoeleka huichukulia badiliko hili kama zawadi ya mume. Ni vyema hata hivyo kulitazama pamoja na historia ya taasisi iliyolihitaji. Baada ya mwaka 1946, Idara ya Habari na Utangazaji ilipokuwa chini ya Sardar Vallabhbhai Patel, redio ya taifa iliwazuia wasanii ambao maisha yao ya faragha yalihesabiwa kuwa kashfa ya hadhara. Kwa mwanamke mwimbaji, ndoa iligeuka kuwa cheti cha kuingilia studio. Mwaka 1949, Begum Akhtar alipoimba ghazali tatu na dadra moja katika kituo cha redio cha Lucknow, hakuwa akirudi tu kwenye muziki baada ya maradhi na majonzi yaliyompata katika kipindi cha ukimya. Alikuwa akipita katika mlango ambao Akhtaribai asingepitishwa, ingawa pumzi, kifua na mafunzo vilikuwa vilevile.

Ni hapa ambapo hadithi ya wokovu inajikwaa. Inasimulia kwamba ndoa ilimnyamazisha, kisha inasimulia kwamba ndoa ilimpa heshima, bila kukiri kwamba mambo hayo mawili ni pande mbili za sarafu moja. Heshima ililipiwa kwa ukimya. Hata baada ya kurudi, malipo hayakuisha. Aliimba katika miji mingi ya India, lakini katika Lucknow alikoishi, jukwaa la hadhara lilibaki mbali naye. Tamasha analotajwa kulifanya mjini humo mwaka 1962, kuchangia gharama za vita na China, lilikuwa la wanawake watupu. Redio ilifaa kwa kuwa iliibeba sauti na kuuacha mwili nyumbani. Kile ambacho filamu ilikwisha kukifanya kwa sababu za kiufundi, yaani kutenganisha sauti na mwili, jamii ilikifanya kwa sababu za kimaadili.

4.0 Ghazali, Sarufi na Nafsi Inayosema

Iwapo maisha yangekuwa yamepasuka kweli mwaka 1945, mpasuko huo ungetarajiwa kusikika katika sanaa. Ili kuona kwa nini hausikiki, inafaa kuuangalia utanzu wenyewe.

Ghazali ya Kiurdu huundwa kwa beti za mishororo miwili zinazofuata mizani moja. Katika ubeti wa kwanza, uitwao matla, mishororo yote miwili humalizika kwa kina, kafia, kinachofuatwa na neno au kifungu kisichobadilika, radifu. Katika beti zinazofuata, ni mshororo wa pili pekee unaobeba kina na radifu. Kila ubeti hujitegemea kimaana. Hapo ndipo ghazali inapoachana na shairi la Kiswahili, ambalo beti zake kwa kawaida huijenga hoja moja hatua kwa hatua. Ubeti wa mwisho, makta, kwa kawaida huibeba lakabu ya mtunzi. Desturi hiyo haitamshangaza msomaji wa tenzi: Mwana Kupona naye anajitambulisha kuelekea mwisho wa utendi wake wa mwaka 1858.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili anaweza kulipita bila kuliona. Vitenzi vya Kiurdu hutofautisha jinsi ya mtu. Mwanamume husema rota hun, mwanamke husema roti hun. Kiswahili husema "ninalia" kwa wote wawili, kwa kuwa viambishi nafsi vyake havimuulizi msemaji kama ni wa kike au wa kiume. Kwa kaida ya ghazali, msemaji hutumia umbo la kiume, na mpenzi anayesemwa naye pia hupewa umbo la kiume. Thumri, wimbo wa kiklasiki mwepesi uliokuzwa na tawaifu wenyewe katika lahaja za Awadhi na Braj, ni kinyume chake: humo nafsi inayosema ni ya mwanamke. Kwa hiyo mwimbaji kama Akhtari, aliyezimudu tanzu zote mbili, alihama kila usiku kutoka sarufi ya kike kwenda sarufi ya kiume na kurudi tena. Utambulisho wake katika sanaa haukuwa mmoja hata kabla jamii haijambadilishia jina.

Makta huufikisha uhamaji huo kileleni. Mwimbaji anayefika makta ya ghazali mashuhuri ya Momin, mshairi wa Delhi wa karne ya 19, juu ya mapenzi yaliyosahauliwa, hukuta lakabu ya mshairi imefungamanishwa na nafsi ya kwanza: anayeimba analazimika kujitambulisha kama Momin. Tangu siku za santuri za kwanza, mwanamke mwimbaji aliimba jina la mwanamume ndani ya wimbo, na jina lake mwenyewe likakaa nje, kwenye karatasi ya santuri. Kuazima nafsi ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hilo ndilo linalofanya iwe shida kukubali kwamba Bai na Begum ni watu wawili, kwa hoja kwamba majina ni mawili.

Mfano bora ni ghazali ya Shakeel Badayuni iliyokuja kuhusishwa na Begum Akhtar kuliko nyingine yoyote, ambayo radifu yake inazungumzia kujiwa na kilio. Kitenzi cha radifu hiyo hupatana kisarufi na kilio chenyewe, si na mtu anayelia. Kwa hiyo katika ubeti hadi ubeti, nafsi inayoomboleza haina jinsi. Inakaribia hali ambayo Kiswahili huwa nayo wakati wote. Sauti ya mwanamke inakaa ndani ya maneno bila kugongana nayo, mpaka lakabu ya Shakeel inapotamkwa katika makta na kumkumbusha msikilizaji kwamba maneno yalikuwa ya mwanamume. Haiwezekani kuthibitisha kwamba ghazali hiyo ilipendwa kwa sababu hiyo ya kisarufi. Lakini uchanganuzi wa matini unaonyesha kwamba inampa mwimbaji wa kike nafasi ambayo ghazali nyingi hazimpi, naye aliijaza.

Namna alivyoijaza inatoka moja kwa moja katika shule ya thumri, ambako mwimbaji huyajenga maneno: hukirudia kifungu kimoja mara nyingi, kila mara kwa mwendo mwingine wa sauti, ili kukifungua kimaana. Begum Akhtar aliihamishia mbinu hiyo kwenye ghazali. Mshororo wa kwanza wa ubeti huzungushwa, huahirishwa, hugeuzwa kutoka lawama kuwa ombi, huku msikilizaji akingojea mshororo wa pili ufike kwenye kina. Mpenzi wa taarabu anaujua ungojeaji huo. Aidha, sauti yake ilikuwa na ufa mdogo uliojitokeza kwenye noti za juu. Wasikilizaji waliungojea kwa hamu, na ambacho kingehesabiwa kuwa kasoro kwa mwingine kikawa saini yake. Mbinu hii ya kuyajenga maneno ni urithi wa nyumba za tawaifu. Nishani zilipotolewa kwa Begum, zilitolewa kwa ufundi wa Bai.

5.0 Jalsaghar: Begum Anaigiza Bai

Baada ya ndoa, Begum Akhtar alionekana katika filamu moja muhimu, Jalsaghar ya Satyajit Ray ya mwaka 1958, iliyotokana na hadithi fupi ya Tarashankar Bandyopadhyay na kupambwa kwa muziki wa Vilayat Khan. Ni kisa cha kabaila wa Bengal, anayeigizwa na Chhabi Biswas, ambaye mali yake inateketea lakini hataki kuacha kuandaa karamu za muziki katika ukumbi wake. Begum Akhtar ni mmoja wa wanamuziki wanaoimba katika ukumbi huo.

Filamu hiyo hutajwa kwa kawaida mwishoni mwa orodha ya kazi zake, kama nyongeza. Kwa hoja ya makala haya, ndiyo ushahidi mzito kuliko wote. Mwanamke aliyevuliwa jina la Bai ili aheshimike anarudi mbele ya kamera, kwa jina la Begum, kuigiza mwimbaji wa kukodiwa katika baraza la kabaila. Anakaa chini sakafuni mbele ya wanaume walioegemea mito, naye anaimba. Kile ambacho jamii ilimtaka akisahau ndicho ambacho sanaa ya juu ya sinema ilimwita akikumbuke. Tofauti ni kwamba sasa lilikuwa igizo, na igizo halimchafui mtu. Hata hivyo, uimbaji wenyewe haukuwa igizo. Koo halijui kuigiza thumri. Huiimba au haiimbi. Katika dakika hizo chache, majina yote mawili yanakaa katika mwili mmoja, na mtazamaji haoni mshono.

Inafaa pia kukumbuka kwamba ukumbi wa kabaila ndio uliowalipa tawaifu kwa vizazi. Ray anaonyesha kufa kwa mlipaji; hadithi ya wokovu huonyesha kufa kwa mlipwaji. Ila mlipwaji hakufa. Alikwisha kuhamia kwenye santuri, filamu na redio, na ndiye aliyekuwa akiimba.

6.0 Ammi: Jina la Wanafunzi

Jina la tatu halikutoka sokoni wala kwenye ndoa. Shanti Hiranand, mwanafunzi wake, alichapisha mwaka 2005 kitabu chenye kichwa Begum Akhtar: The Story of My Ammi. Ammi ni neno la Kiurdu la kumwitia mama. Kichwa hicho kimebeba majina mawili: la kwanza ni lile linalojulikana na umma, la pili, likiwa na kimilikishi cha nafsi ya kwanza, linamhusu mwandishi peke yake. Mwanafunzi hajidai kuandika habari za Begum. Anaandika habari za mama yake.

Kwa juu juu, jina hili laweza kuonekana kuwa hatua ya mwisho ya usafishaji: baada ya tawaifu kuwa mke, mke sasa amekuwa mama. Lakini tafsiri hiyo haizingatii namna muziki ulivyorithishwa. Katika koo za waimbaji wa kiume, elimu ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kutoka kwa ustadhi kwenda kwa mwanafunzi aliyekubaliwa kama mwana. Katika nyumba za tawaifu, sanaa, mali na jina vilipita kwa upande wa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, kama Mushtari Bai alivyomwelekeza Akhtari kwenye muziki. Begum Akhtar alipowapokea wasichana wa familia zenye hadhi kama Hiranand, wakamwita mama, aliusimamisha upya muundo wa nyumba aliyotoka, safari hii ndani ya nyumba ya wakili. Mabinti walikuwa wengine. Utaratibu ulikuwa uleule. Wanafunzi hao hawakuhitaji kuwa tawaifu ili wapokee kile ambacho tawaifu walikihifadhi.

Kwa hiyo Ammi si jina linaloliondoa Bai. Ni jina linalolirudisha kwa mlango wa nyuma. Begum Akhtar mwenyewe alizikwa Lucknow kando ya kaburi la Mushtari Bai. Usimulizi unaomtenga na asili yake una kazi ngumu ya kulieleza kaburi hilo.

7.0 Siti na Swali la Wasifu

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kuusoma mkasa huu bila kumkumbuka Siti binti Saad. Uhusiano kati ya wanawake hawa wawili si wa kufikirika tu. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, miaka mitatu kabla ya Alam Ara. Viwanda vya santuri vilivyomfikisha Siti masikioni mwa watu wa pwani nzima vilikuwa sehemu ya uchumi uleule wa sauti uliomwinua Akhtaribai. Baadaye mkondo uligeuka, na tuni za filamu za Kihindi zikaingia katika taarabu, hasa ile ya Mombasa.

Siti naye alibadilishiwa jina. Alizaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa. Alikufinyanga na kuchuuza vyungu kabla ya kuhamia mjini na kuwa mwimbaji. Siti, kutokana na Kiarabu, ni bibi mwenye heshima. Tofauti iko katika njia ya kulipata jina. Siti alilipata kwa kuimba; Begum alilipata kwa kuacha kuimba. Jina la Siti lilipandishwa na jukwaa, na waliomkejeli kwa asili yake ya shamba alijibizana nao kwa wimbo.

Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti Binti Saad uliotoka katika miaka ya 1950 baada ya kifo cha Siti mwaka 1950, hakulificha jina la Mtumwa wala vyungu. Kwake yeye asili duni ni ngazi, na kila kidato kinathibitisha subira na bidii ya aliyeipanda. Katika hadithi za Begum Akhtar asili ni doa linalohitaji kufutwa. Ngazi ni bora kuliko doa, kwa sababu inabaki ikionekana hata mtu akishafika juu. Hata hivyo mbinu zote mbili zinashiriki mwelekeo mmoja: jina la mwisho ndilo ukweli, na yaliyotangulia ni njia ya kuliendea.

Mwelekeo huo umejificha ndani ya istilahi yenyewe. Wasifu na sifa ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika Kiswahili, sifa ina maana mbili: hali bainifu ya kitu, na pongezi. Wasifu wa Kiswahili umeelekea mara kwa mara kwenye maana ya pili, hata kuyaandika maisha ya mtu kukawa ni kumsifu, na kumsifu mwanamke msanii kukawa ni kumsafishia jina. Tafiti za baadaye, kama ile ya Laura Fair (2001), zimeonyesha kwamba nyimbo za Siti zilikuwa pia sauti ya lawama dhidi ya mahakama za kikoloni na dhuluma za mjini. Siti huyo hapungukiwi na maadili anayopewa na Shaaban Robert, ila ni mkubwa zaidi. Kurudi kwenye maana ya kwanza ya sifa, yaani kubainisha, kungempa mwandishi wa wasifu kazi nyingine: kuuliza sanaa ilijifunzwa wapi, nani aliilipia, kwa chombo gani ilisafiri, na nani aliirithi. Maswali hayo hayamvunjii heshima msanii. Yanaihamisha heshima kutoka kwenye ndoa na tabia kwenda kwenye kazi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba mgawanyo wa maisha ya Begum Akhtar katika nusu mbili hautokani na sanaa yake bali na majina aliyopewa. Filamu za miaka ya 1930 zilimtaka kwa sababu ya mafunzo ya Bai. Redio ya mwaka 1949 ilimpokea kwa sababu ya cheo cha Begum. Jalsaghar ilivileta vyote viwili mbele ya kamera moja. Na wanafunzi waliomwita Ammi waliurithi utaratibu wa nyumba ambayo umma ulitakiwa kuisahau. Sarufi ya ghazali, inayomtaka mwanamke aazime nafsi ya mwanamume na kulitamka jina lake kama lake mwenyewe, inaonyesha kwamba mwimbaji huyu alizoea kukaa ndani ya majina ya wengine bila kupotea humo.

Kwa wahakiki wa Kiswahili, suala hili linagusa kazi ambayo bado haijafanywa. Wako waimbaji wa kike wa mwambao ambao santuri zao zipo na majina yao yapo, lakini maisha yao hayajaandikwa, au yameandikwa kama mawaidha. Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza Siti na kufariki mwaka 2013, alikataa katika maisha yake yote kuingia katika kalibu ya mwanamke aliyesafishwa, na huenda ndiyo sababu wasifu wa aina ya zamani haujui umshike wapi. Anayetaka kumwandika yeye na wenzake atalazimika kuanza na sauti, kisha ndipo aulize jina.